Soma Kopo Kabla ya Kupaka



Huko vijijini kwenu mafuta ya kujipaka huja kwa njia nyingi. Huja katika mfuko wa kijana arudiye likizo kutoka Dar es Salaam. Huja na mchuuzi apitaye siku ya gulio. Pengine hutumwa na dada aliyeolewa mjini, amelifunga kopo ndani ya kitenge, na ujumbe wake ni mfupi tu: "Mpe mama apake, ni mazuri sana." Nanyi mwayapokea kwa furaha, mwafungua, mwanusa, mwapaka. Ni nani akataaye zawadi?

Mimi nakaa Mtoni, wilaya ya Temeke, na makopo hayo mengi hununuliwa huku kwetu, Temeke na Kinondoni. Twaishi karibu na maduka yake. Twawaona wanaoyauza, na twawaona pia wale walioharibiwa nayo. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaandikie kwa urefu kidogo ninyi akina baba na akina mama mlio mbali, habari ya namna ya kuchagua dawa ya ngozi. Mimi si mganga. Ni fundi cherehani tu, na mama wa watoto. Lakini nimeuguza ngozi nyingi nyumbani mwangu, nimewauliza wauguzi na wauza dawa, na nimejifunza kusoma kopo.

Neno langu ni hili. Usinunue mafuta kwa sababu ya picha iliyo juu ya kopo, wala kwa kuwa yamempendeza jirani. Jiulize mambo matatu, tena kwa utaratibu huu. Kwanza, ngozi hii ina shida gani? Pili, ndani ya kopo mna nini? Tatu, ni bei gani, si bei ya leo tu, bali bei ya mpaka mwisho? Mtu aanzaye na bei, au na picha, amekwisha potea njia.

Nitawapa mfano. Binti wa kaka yangu alikuja kwangu kutoka kwetu Matombo, Morogoro, ajifunze ushonaji. Alikuwa na miaka 22, na posa ilikwisha letwa. Mahari ilikuwa imepokelewa, na arusi ilibaki miezi mitatu. Uso wake ulikuwa na chunusi, mashavuni na kwenye paji, na kila chunusi iliyopona iliacha doa jeusi. Siku moja mama wa yule kijana alikuja kutusalimu. Alipokuwa akiondoka aliniambia kwa sauti ya chini, lakini binti akasikia: "Shangazi, mtengenezeni basi mwenzetu uso kidogo. Siku ile kutakuwa na picha."

Jioni ile binti hakula. Asubuhi akaniomba shilingi 25,000. Akaniambia kuna dada mmoja sokoni Tandika achanganyaye mafuta, na kwamba katika wiki mbili uso huwa laini na mweupe kama wa mtoto. Ndiyo hayo yaitwayo mkorogo.

Sikumkemea. Moyo ulioumizwa hautulizwi kwa makelele. Nikamwambia, "Mwanangu, fedha nitakupa. Lakini twende wote, na tusinunue kitu mpaka tumeuliza mahali patatu." Akakubali.

Tulianza Tandika. Yule dada alikuwa na bakuli la plastiki na mwiko mdogo. Alikamua mirija miwili, akatia mafuta ya kopo, akamimina na maji ya chupa fulani, akakoroga. Nikamwuliza, "Mwanangu, humo ndani mna nini?" Akacheka, akasema, "Mama, hiyo ni siri ya kazi." Sasa ninyi wasomaji, kama mama ntilie angewaambia kuwa kilichomo ndani ya sufuria ni siri yake, mngekaa mezani? Basi ngozi nayo hula. Kitu kipakwacho hakibaki juu tu. Kingine hupenya na kuingia katika damu.

Nikaomba kuona makopo matupu yaliyokuwa nyuma yake, akanipa bila kinyongo. La kwanza lilikuwa na jina lianzalo na herufi h, y, d, r, o, q. Hiyo ndiyo haidrokwinoni. Mrija wa pili ulikuwa na jina lianzalo na c, l, o, b. Hiyo ni klobetasoli, dawa kali ya jamii ya steroidi. Kopo la tatu halikuwa na orodha yo yote ya vitu vilivyomo, wala jina la kiwanda. Hapa yanipasa kusimama kidogo niwaeleze, maana ndiyo yaliyomo katika mikorogo mingi, na ni afadhali mjue kazi ya kila kimoja.

Haidrokwinoni huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Watu wengine hudhani rangi nyeusi ni kama vumbi, kwamba ikisuguliwa itatoka, na chini yake mna kitu kizuri zaidi. Sivyo. Rangi yetu ni mwavuli ambao ngozi imejifungulia ili jua lisiiunguze. Ukiuondoa mwavuli, jua lipo pale pale. Tena, mtu akiipaka haidrokwinoni kwa miaka, ngozi hugeuka: mashavu huwa na weusi wa buluu, na vipele vidogo vigumu kama mchanga. Madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za ugonjwa huo mwaka 1975, walipoona wanawake wengi waliotafuta weupe wakipata weusi usiofutika. Mwaka 1990 nchi ile ikaipiga marufuku katika vipodozi. Hapa Tanzania pia vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimekatazwa, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko mikononi mwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Lakini katazo ni jambo moja, na bakuli la sokoni ni jambo jingine.

Zebaki ni mbaya zaidi, maana haionekani. Hutiwa katika baadhi ya sabuni na mafuta ya kung'arisha. Katika orodha huanza na herufi m, e, r, c, au huitwa kalomeli. Mara nyingi haiandikwi kabisa. Zebaki huumiza figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa habari za wagonjwa 60 wa figo, watu wazima, waliovimba mwili na kutoa mkojo wenye protini. Walipowauliza, waliona kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakipaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Baadhi yao walipoacha kupaka, figo zikapata nafuu. Na ubaya wake haumshiki mpakaji peke yake. Mtoto alalaye kifuani mwa mama, au ashikaye taulo lake, huipata. Ndiyo maana mataifa yaliyofanya mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania ikaingia mwaka 2020, yameazimia kuondoa zebaki katika vipodozi kabisa. Mwaka 2023 yalikubaliana kwamba mwisho wake uwe mwaka 2025.

Steroidi nazo ni dawa za kweli. Daktari akiona mtoto ana pumu ya ngozi humpa, apake kidogo kwa siku chache, na hupona vizuri. Shida ni kuipaka usoni kila siku kama mafuta ya kawaida. Mwanzo uso huwa laini, wekundu hutoweka, na watu husifu. Baadaye ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa midogo huonekana, mapaja hupata michirizi, chunusi hutoka upya, na kidonda kidogo huchelewa kufunga. Mtu akiacha ghafula, uso huwaka na kuwasha, naye hurudi kwenye kopo ili apate nafuu. Hapo amekuwa mtumwa wa kopo.

Tukamshukuru yule dada, tukaondoka. Kwa kuwa siku ile tulipaswa kumwona ndugu yangu huko Magomeni, wilaya ya Kinondoni, tulipanda daladala, na kule tukaingia katika duka la vipodozi lenye vioo na taa nyingi. Muuzaji alituonyesha kopo zuri la shilingi 18,000. Alisema linaondoa chunusi, madoa, makunyanzi, ukavu na ukali wa jua. Nikageuza kopo nikasoma nyuma.

Hapa kuna siri ambayo si siri. Katika kopo la kiwanda cha haki, vitu vilivyomo huandikwa kwa kufuatana na wingi wake. Kilicho kingi huandikwa kwanza, na kilicho kidogo mwishoni. Basi kopo lile lilianza na maji, kisha mafuta mazito ya petroli, kisha nta, kisha manukato. Yale majani na matunda yaliyochorwa mbele kwa rangi nzuri yalikuwa mwisho kabisa wa orodha, pamoja na rangi ya kutia. Kwa neno moja, lilikuwa karibu sawa na mafuta ya mgando tuyapakayo watoto, ambayo kopo kubwa nililinunua Mtoni kwa shilingi 4,000. Hapana sumu ndani yake. Lakini kwa mtu mwenye chunusi mafuta mazito si msaada, maana huziba vinyweleo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mahali pa tatu ni duka la dawa karibu na kwetu. Dada mwuza dawa hakuanza kwa kuonyesha kopo. Alianza kwa kuuliza. Chunusi zimeanza lini? Unazikamua? Unapaka nini usoni sasa? Unapaka nini kichwani? Binti akajibu kwamba hupaka mafuta mengi ya nywele kila asubuhi. Dada yule akamgusa paji la uso akasema, "Ndiyo haya yanayoshuka mpaka hapa." Akamwuliza pia kama ana mimba, kwa sababu dawa nyingine za chunusi zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kisha akatupa mrija mdogo wa bensoili peroksaidi, 5 kwa mia, wa shilingi 9,000.

Maagizo yake yalikuwa haya. Aoshe uso kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo kali, mara mbili kwa siku, wala asiusugue kwa dodoki. Usiku apake dawa kidogo, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Kwanza apake siku moja na kuacha siku moja, mpaka ngozi izoee. Asipake karibu na macho. Ajihadhari na mto na nguo, kwa kuwa dawa hiyo hufifisha rangi ya kitambaa. Mafuta ya nywele apunguze. Chunusi asizikamue, maana kila ikamuliwayo huacha doa jeusi kubwa zaidi katika ngozi yetu. Akienda juani ajitande kanga. Na mwisho alisema neno ambalo binti hakulipenda: asitazamie kuona tofauti kabla ya wiki sita au nane.

Usiku tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Mkorogo ni shilingi 25,000 kwa wiki mbili. Mpaka siku ya arusi yangehitajika makopo sita, yaani shilingi 150,000, na baada ya arusi huwezi kuacha. Kopo la vioo na taa ni shilingi 18,000 kwa mwezi, yaani 54,000 kwa miezi mitatu, na chunusi zingekuwa zile zile. Mrija wa dawa tulikadiria utakwisha kwa mwezi na nusu, yaani miwili kwa shilingi 18,000. Dawa iliyofaa ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo kuliko zote. Sisemi kila mara huwa hivyo. Nasema kwamba mtu hawezi kujua asipopiga hesabu mpaka mwisho.

Lakini hesabu haimtulizi msichana mwenye haya. Wiki ya pili ngozi ilikauka na kubanduka kidogo, kama tulivyoambiwa. Alitazama kioo akalia. "Shangazi, nazidi kuharibika. Siku zinakwisha." Nikajua kwamba nikitoka tu ataelekea Tandika.

Aliyemwokoa si mimi, ni jirani yetu auzaye vitumbua kwenye kona ya njia. Alikuwa amesikia kilio kupitia uani. Akaja akaketi mkekani, akafungua mtandio wake, jambo ambalo halifanyi mbele ya watu. Mashavu yake yalikuwa mekundu na yenye mishipa, na chini ya macho mna weusi wa ajabu. Akanyoosha mikono: viganja vya nyuma vyeupe, vifundo vya vidole vyeusi. "Mwanangu," akasema, "mimi nilianza kwa wiki mbili, kama wewe. Sasa ni mwaka wa saba. Nikikaa mbele ya moto uso huniuma. Nikiacha siku tatu, huniwasha nisilale. Bei ya vitumbua vya siku mbili katika wiki naitia usoni." Kisha akajifunika. Hapana mtu aliyesema neno kwa muda. Tangu jioni ile binti hakutaja tena mkorogo.

Mnapenda kujua ilikuwaje? Siku ya arusi chunusi karibu zote zilikuwa zimekauka. Madoa hayakuwa yamekwisha. Yalififia polepole, yakachukua karibu mwaka. Ukiitazama picha kwa karibu utayaona mawili matatu shavuni. Ni uso wake mwenyewe, wala hakuna aliyerudisha zawadi kwa sababu yake. Jirani yetu naye alikwenda hospitali. Daktari alimpima mkojo na shinikizo la damu, akamwambia asiache yote kwa siku moja, bali apunguze kwa utaratibu atakaopewa. Alipata shida miezi ya kwanza. Leo ngozi yake imepata unene tena, ingawa ule weusi chini ya macho haujaondoka.

Sasa nije kwenye mambo ya kwenu, maana si kila nyumba ina bibi arusi, bali kila nyumba ina ngozi. Maradhi haya mwayaona kila siku, na kila moja lina dawa yake.

Ngozi kavu yenye kupauka na kupasuka, hasa wakati wa kipupwe, haihitaji dawa ya bei. Oga, jikaushe nusu, na kabla maji hayajakauka paka mafuta ya nazi, au mafuta ya mgando, au glisirini iliyochanganywa na maji. Mafuta kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke. Ukipaka juu ya ngozi iliyokwisha kauka, faida ni ndogo.

Choa, lile duara liwashalo lenye ukingo uliovimba, ni fangasi. Dawa yake ni mafuta ya klotrimazoli, au yale ya zamani yaitwayo Whitfield, ambayo ni rahisi na bado ni mazuri, ila usiyatie usoni. Endeleeni kupaka kwa wiki mbili hata baada ya duara kutoweka. Na hapa nawaomba mfungue macho sana. Klotrimazoli huanza na herufi c, l, o, t. Klobetasoli, ile steroidi kali, huanza na c, l, o, b. Mirija yake hufanana kwa ukubwa, pengine na kwa rangi, na duka lisilo na mtu aliyesomea laweza kukupa huu badala ya ule. Ukipaka steroidi juu ya choa, muwasho hupungua siku mbili tatu, nawe washukuru. Kumbe fangasi wanalishwa, na duara huenea mpaka mgongo mzima. Ipo pia mirija iliyochanganywa dawa tatu kwa pamoja, steroidi ikiwamo, ikisemwa kuwa huponya kila kitu. Herufi moja tu, t au b, yatofautisha kupona na kuumia. Mwiteni mtoto wa shule awasomee.

Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa kupaka peke yake, maana fangasi wameingia ndani ya mizizi ya nywele. Yanahitaji vidonge, kama vile griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Kununua kopo moja baada ya jingine kwa mapunye ni kutupa fedha.

Upele uwashao usiku, kati ya vidole, kiunoni na makwapani, huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana. Dawa yake ni maji meupe ya benzili benzoeti, au mafuta ya salfa. Lakini mkimtibu mmoja na kuwaacha wengine, mmefanya kazi bure. Nyumba nzima ipakwe siku moja, tangu shingoni hadi nyayo, na siku hiyo hiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kwa watoto wachanga mwulizeni muuguzi kwanza. Muwasho waweza kuendelea kidogo baada ya dawa, msifikiri imeshindwa.

Doa lililopauka au jekundu lisilowasha, na ukiligusa kwa unyoya hulisikii, msilitafutie mafuta kabisa. Nendeni hospitali upesi, kwa kuwa laweza kuwa ukoma. Ukoma hutibika, na dawa zake hutolewa bure.

Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, mafuta ya kuzuia jua si kipodozi, ni ngao ya uhai, kwa sababu jua huwaletea saratani ya ngozi. Huko Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo cha kufundisha waganga wa maradhi ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Moshi ndiko yalikoanzia kutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili yao, yakagawiwa katika kliniki. Kama yuko mtoto wa namna hii kijijini kwenu, ulizeni hospitali ya wilaya habari ya mafuta hayo. Na siku zote awe na kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Kuliko kumnunulia mafuta ya manukato ya shilingi 10,000, mnunulieni kofia.

Neno moja zaidi, nalo ni kwa akina baba na akina mama wakwe. Wasichana hawaanzi kujichubua kwa sababu ya wazimu. Husikia maneno. Husikia baba akisema, "Yule mweupe ndiye mzuri." Husikia mkwe akisema, "Tengenezeni uso." Muuza mkorogo wa Tandika hana haja ya kupiga kelele, sisi tumekwisha mtangazia biashara nyumbani. Basi mkiyapima makopo, pimeni na maneno. Mwanamume amwambiaye mkewe kwamba rangi yake yampendeza amemwekea akiba ya shilingi nyingi, na figo mbili.

Jioni ya leo, kabla ya chakula, shusheni makopo yote yaliyo rafuni na chini ya vitanda. Tazameni kama kila kopo lina orodha ya vitu vilivyomo, jina la kiwanda na tarehe ya mwisho wa kutumika. Tafuteni zile herufi nilizowatajia. Kopo lisilo na orodha, au lenye haidrokwinoni au zebaki, lisipakwe tena na mtu ye yote, wala asipewe mtoto alichezee. Kama kuna aliyepaka mafuta hayo kwa muda mrefu, hasa yale ya steroidi, aende zahanati na kopo lake mkononi, amwonyeshe mganga, asione haya. Na safari ijayo mtakapompigia simu mwanenu aliye Dar es Salaam, kumwambia alete mafuta, mwambieni kwanza shida ya ngozi ni nini. Kisha mwambieni asome nyuma ya kopo, asitazame mbele.